Swali la mwanafunzi liingie kwenye mkataba wa uchimbaji

Sehemu kubwa ya ardhi inayofukuliwa na wanaakiolojia siku hizi haifukuliwi kwa sababu kuna mtafiti aliyekuwa na swali. Inafukuliwa kwa sababu kuna mtu anayetaka kujenga barabara, bwawa, reli au jengo la ghorofa, na sheria inamtaka ahakikishe kwamba mabaki ya kale yaliyo chini ya mradi wake yamerekodiwa kabla matingatinga hayajayasambaratisha. Mjenzi hulipa, kampuni ya akiolojia huchimba, ripoti hupelekwa kwa mamlaka inayohusika, na ujenzi huendelea. Wakati huohuo vyuoni wamo wanafunzi wa uzamili na uzamivu ambao kila mwaka huhangaika kutafuta data ya kuandikia tasnifu, na wengi huishia kurudia makusanyo yale yale ya makumbusho ambayo yamekwisha kuchambuliwa na watafiti waliowatangulia. Nimefanya kazi pande zote mbili, mtaroni na chuoni, na jambo ninalotaka kulitetea hapa ni moja: kuziunganisha pande hizi kunapaswa kuanza kabla udongo haujaguswa, pale mpango wa uchimbaji unapoandikwa na gharama zake zinapokokotolewa, wala si miaka kadhaa baadaye, masanduku yakiwa yamekwisha kupangwa stoo.

Mgawanyiko huu una historia inayojulikana. Nchini Marekani ulianzia katika Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Historia ya mwaka 1966, ambayo kifungu chake cha 106 kinazitaka idara za serikali ya shirikisho zizingatie athari za miradi yao kwa maeneo ya kihistoria. Uingereza, mwongozo wa mipango uliojulikana kama PPG 16, uliotolewa Novemba 1990, ndio uliosimika kanuni kwamba anayetaka kuendeleza ardhi ndiye anayebeba gharama za akiolojia. Mkataba wa Valletta wa mwaka 1992 ukaeneza wazo hilo katika nchi za Baraza la Ulaya. Ufaransa ilichagua njia yake: sheria ya mwaka 2001 iliunda taasisi ya umma, Inrap, iliyoanza kazi mwaka 2002, na utafiti ukatajwa kuwa miongoni mwa majukumu yake. Ninautaja mfano wa Ufaransa kwa sababu mara nyingi nimesikia ikidaiwa kwamba tatizo lote ni soko na ushindani wa zabuni. Ushindani unachangia, sikatai, lakini hata pale ambapo mchimbaji ni mtumishi wa umma bado kuna ratiba ya mjenzi, bado kuna bajeti iliyofungwa, na bado swali la mwanafunzi aliye chuoni halifiki mtaroni lenyewe bila mtu wa kulipeleka.

Matokeo ya mfumo huu ni mlima wa ripoti. Kila uchimbaji, hata wa mtaro mmoja mtupu, huzaa ripoti yake, na nyingi hazichapishwi kama kitabu wala makala. Kwa muda mrefu zilikaa kwenye makabati ya kampuni na ofisi za mipango, ambako mwanafunzi hakujua kwamba zipo. Richard Bradley wa Chuo Kikuu cha Reading ndiye aliyewaonyesha wanazuoni wenzake gharama ya kutozisoma. Alipojiandaa kuandika upya historia ya kale ya Uingereza na Ireland, kitabu kilichotoka mwaka 2007, alifunga safari kwenda kwenye ofisi za kampuni na za serikali za mitaa akapekua ripoti ambazo hazijachapishwa, na akakuta mandhari ya kale isiyofanana na ile iliyokuwa ikifundishwa darasani. Mihadhara ilikuwa imejengwa juu ya makaburi makubwa na ngome zinazoonekana juu ya ardhi, ilhali wachimbaji wa kibiashara, ambao huchimba popote ujenzi unapowapeleka, walikuwa wakikutana na mashamba, mipaka na nyumba za watu wa kawaida katika mabonde ambayo hakuna profesa angeomba ruzuku ya kuyachimba.

Mradi wa makazi ya vijijini ya Uingereza chini ya Warumi, ulioendeshwa na chuo hicho hicho kwa kushirikiana na kampuni ya Cotswold Archaeology na hifadhi ya data ya akiolojia iliyoko York, ulilithibitisha jambo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Ulikusanya taarifa za makazi zaidi ya 2,500 yaliyochimbwa, sehemu kubwa ikiwa imetoka kwenye kazi za kibiashara, ukatoa vitabu vitatu kati ya mwaka 2016 na 2018, na data yote ikawekwa wazi mtandaoni bila malipo. Yale majumba ya kifahari yenye sakafu za mozaiki, ambayo kwa vizazi vingi ndiyo yaliyoitambulisha Uingereza ya Kirumi, yalionekana kuwa sehemu ndogo tu ya picha iliyojaa mashamba ya wakulima wadogo. Leo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuipakua hifadhidata hiyo na kuuliza swali ambalo miaka thelathini iliyopita lisingeweza kujibiwa na mtu yeyote.

Hata hivyo, miradi ya namna hii haiwezi kuwa ndiyo jibu kamili. Iliongozwa na wasomi waliobobea, ikiwa na ruzuku nono na timu ya watafiti walioajiriwa kwa miaka kadhaa, na ilifanya kazi na kile ambacho ripoti zilikuwa zimekwisha kukisema. Kile ambacho ripoti haikukisema hakikuweza kurudishwa. Hapo ndipo mwanafunzi anapohitajika, kwa sababu yeye ana kitu ambacho mradi mkubwa hauna na kampuni haiwezi kukilipia: muda wa kukaa na jambo moja dogo mpaka liishe.

Chukua mfano wa sampuli ya udongo. Mpango wa uchimbaji ulioandikwa vizuri huagiza kwamba kutoka katika kila shimo au mfereji wenye dalili nzuri zichukuliwe lita 40 hadi 60 za udongo. Udongo huo humwagwa kwenye tangi la maji, vilivyo vyepesi huelea na kunaswa na chujio lenye matundu ya takribani robo milimita, na vilivyokauka hupelekwa kwa mtaalamu wa mimea ya kale. Katika hatua ya tathmini, mtaalamu huyo hulipwa kwa muda wa kupitisha macho tu. Huangalia chini ya hadubini, kisha hujaza jedwali kwa alama za kujumlisha: alama moja pale punje zilizoungua zilipo chache, mbili zikiwa za kutosha, tatu zikiwa nyingi. Jedwali hilo huingia kwenye kiambatisho cha ripoti pamoja na pendekezo la uchambuzi kamili, na mara nyingi sana pendekezo hilo ndilo la kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Mwanafunzi anayekabidhiwa sampuli hizo hizo huhesabu. Hutenganisha punje za ngano na makapi yake, na uwiano kati ya viwili hivyo humweleza mambo. Ngano ya kale ya aina ya spelti hushikilia maganda yake kwa nguvu, hivyo huhitaji kutwangwa ili itoke. Mahali palipojaa makapi na kuwa na punje kidogo huenda ndipo kazi hiyo ilipofanyika, na mahali penye punje safi tupu huenda palipokea nafaka iliyokwisha kusafishwa kwingine. Akikuta punje nyingi zilizochipua kabla ya kuungua, ataanza kufikiria utengenezaji wa kimea, na kwa hiyo pombe. Yote haya yalikuwemo katika alama tatu za kujumlisha, lakini hakuna aliyelipwa ayaone.

Sasa ugumu unajitokeza mwanafunzi huyo anapotaka kulinganisha maeneo matatu yaliyochimbwa na kampuni tatu. Moja ilichukua lita 40, nyingine lita 10, ya tatu haikuandika ilichukua kiasi gani. Moja ilichimba nusu ya kila shimo, nyingine ilichimba robo. Moja ilihifadhi mabaki mazito yaliyozama ndani ya tangi, nyingine iliyatupa baada ya tathmini ili kupunguza masanduku. Kila moja ya kampuni hizi ilitimiza masharti yake kikamilifu na hakuna iliyokosea, lakini tasnifu ya yule mwanafunzi imekwama kwa maamuzi yaliyofanywa kabla hajajiandikisha chuoni. Ndiyo maana ninasema swali lazima litangulie. Sentensi moja katika mpango wa kazi, ikitaja kiasi cha udongo, ukubwa wa matundu ya chujio na wajibu wa kutotupa chochote kabla chuo fulani hakijaulizwa, humgharimu mjenzi fedha kidogo sana akilinganisha na gharama ya mradi wake, na kwa mwanafunzi huamua kama data italinganishika au la.

Makusanyo yakitunzwa vizuri yanaweza kumsubiri mtafiti kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1986 na 1988, kabla ya ujenzi mpya kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha sarafu cha London, wanaakiolojia wa jumba la makumbusho la jiji walichimba makaburi ya East Smithfield, yaliyofunguliwa wakati Tauni Kuu ilipoufikia mji huo katikati ya karne ya 14. Ulikuwa uchimbaji wa uokozi, ukiwa na shinikizo la ratiba kama uokozi wowote. Lakini kila mifupa ilirekodiwa mahali pake na ikahifadhiwa. Karibu miongo miwili baadaye, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Sharon DeWitte, aliichambua mifupa hiyo akiwa na swali ambalo wachimbaji hawakuwa wamelipangia kazi yao: je, tauni iliua watu ovyo, bila kujali nani alikuwa mzima na nani dhaifu? Alitazama alama za utapiamlo na maradhi ya awali kwenye meno na mifupa ya watu 490, akalinganisha na makaburi ya Denmark ya kabla ya tauni, na mwaka 2008 yeye na msimamizi wake James Wood wakachapisha jibu lao: ugonjwa ule, pamoja na ukali wake wote, uliwachukua zaidi wale waliokuwa dhaifu tayari. Mwaka 2011 meno kutoka makaburi hayo hayo yakawapa watafiti jenomu, yaani mpangilio mzima wa vinasaba, ya bakteria wa tauni ya wakati ule. Kila nikisoma kazi hizi namfikiria yule aliyeandika lebo za mifuko ile mtaroni, kwa sababu bila nambari zake sahihi hakuna lolote kati ya haya ambalo lingewezekana.

Kuna mfano mwingine ambao kwangu una uzito zaidi, kwa kuwa unaonyesha kilichotokea pale swali lilipokosekana mwanzoni. Mwaka 1991, wakati wa maandalizi ya kujenga jengo la ofisi za serikali ya shirikisho katika mtaa wa Broadway mjini New York, yaligunduliwa makaburi ya Waafrika, wengi wao watumwa, waliozikwa huko katika karne ya 17 na 18. Kazi ilianza kama kazi nyingine yoyote ya kimkataba: kuna mifupa, kuna ratiba, mifupa iondolewe. Jamii ya Wamarekani weusi ilipinga kwa nguvu namna mabaki ya wazee wao yalivyokuwa yakishughulikiwa, bunge likaingilia, uchimbaji ukasimamishwa mwaka 1992, na mwaka uliofuata mabaki ya watu zaidi ya 400 yakaanza kuhamishiwa Chuo Kikuu cha Howard chini ya uongozi wa mwanaanthropolojia Michael Blakey.

Kilichobadilika Howard hakikuwa maabara peke yake. Maswali ya utafiti yaliandikwa upya kwa kushauriana na jamii yenyewe: watu hawa walitoka wapi, utumwa uliifanyia nini miili yao, waligeukaje kutoka Waafrika hadi Wamarekani wenye asili ya Afrika, na waliupinga utumwa kwa njia zipi. Wanafunzi wa chuo hicho walishiriki katika kusafisha, kupiga picha na kurekodi mifupa hiyo. Meno yaliyochongwa kwa mitindo inayojulikana Afrika, pamoja na kemia ya enameli, ile ganda gumu la nje la jino, vilisaidia kutambua waliozaliwa upande wa pili wa bahari. Mikwaruzo na uvimbe kwenye maungio ya misuli vilieleza mizigo waliyobebeshwa. Mabaki 419 yalizikwa upya Oktoba 2003, na mwaka 2006 mahali hapo pakatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa. Mifupa ni ile ile ambayo mkataba wa awali ungeitolea ripoti. Ilichohitaji ni maswali yenye thamani, na watu wenye muda na sababu ya kuyajibu.

Ninajua upo ugumu wa kweli. Ratiba ndio wa kwanza: mkataba wa uchimbaji husainiwa leo na kazi kuanza wiki mbili zijazo, wakati ombi la ufadhili wa uzamivu huchukua karibu mwaka mzima. Kwa hiyo si jambo la busara kumfunga mwanafunzi mmoja kwenye mradi mmoja wa ujenzi, ambao unaweza kuahirishwa au kufutwa kabisa. Njia ninayoiona inafaa ni ya chuo na kampuni zinazofanya kazi katika eneo moja kukubaliana juu ya orodha fupi ya maswali ya miaka mitano, kisha kila mpango wa uchimbaji ukaitazama orodha hiyo. Mwanafunzi akija, atakuta data imekwisha kukusanywa kwa utaratibu mmoja kutoka miradi kadhaa, na hatategemea kibali cha mjenzi yeyote.

Umiliki nao huwasumbua wengi wasipoushughulikia mapema. Katika nchi nyingi vitu vya kale ni mali ya serikali. Kwingineko, kama Uingereza, vitu vingi vilivyochimbwa huwa mali ya mwenye ardhi hadi atakaposaini kuvikabidhi kwa jumba la makumbusho. Rekodi na picha nazo zina hakimiliki, ambayo kwa kawaida hubaki kwa kampuni. Tena ipo siri ya kibiashara, kwani mjenzi anayesubiri kibali hataki matokeo yatangazwe. Haya yote hutatuliwa kwa kipengele kimoja cha mkataba kinachosema kwamba ripoti ikishakubaliwa na mamlaka, data ghafi inaweza kutumika kwa utafiti na jina la kampuni litajwe. Nimeona kipengele hicho kikikubaliwa bila mvutano kilipowekwa mwanzoni, na nimeona barua zikizunguka kwa miezi kilipoombwa mwishoni, wakati msimamizi wa mradi aliyekuwa na taarifa zote amekwisha kuhamia kampuni nyingine.

Suala la malipo silipitii juu juu. Ushirikiano usigeuzwe kuwa njia ya kupata vibarua wa bure. Mwanafunzi akikaa mtaroni akafanya kazi ya mchimbaji, alipwe kama mchimbaji. Vinginevyo kampuni itakayomtumia itashinda zabuni kwa bei ya chini, na anayeumia ni mchimbaji mzoefu anayetegemea ujira huo kuishi. Uchambuzi uliomo ndani ya wajibu wa mjenzi ubaki kuwa wajibu wa mjenzi. Tasnifu ianzie pale wajibu huo unapokoma, la sivyo wajenzi watajifunza haraka kwamba kuna chuo kitakachowafanyia bure kile walichotakiwa kukilipia.

Upande wa pili wa daraja hili husahaulika zaidi. Wachimbaji wa kampuni wana maswali mazuri, pengine mazuri kuliko yetu, kwa sababu wameona mamia ya maeneo kwa macho yao. Mtu aliyechimba katika bonde moja kwa miaka kumi anajua kwamba mifereji ya upande wa kusini hugeuka rangi kabla ya kufika chini, au kwamba vyungu vya aina fulani havivuki mto. Ujuzi huo haumo katika ripoti yoyote, kwa kuwa ripoti huandikwa kwa eneo moja moja. Shahada ya uzamivu ya muda nusu, ambamo mwajiri humwachia mfanyakazi wake siku kadhaa za wiki na chuo humpunguzia ada, ingeutoa ujuzi huo nje. Vyuo vyenye idara zao za uchimbaji vina nafasi nzuri ya kulifanya hili. Cambridge ina kitengo chake tangu mwaka 1990, na University College London (UCL) ina chake, na katika vyuo hivyo mchimbaji na mwanafunzi wanaweza kukutana bila barua ya utambulisho.

Tasnifu ikishakamilika, lazima irudi ilikotoka. Nimeona tasnifu nzuri, zenye utambuzi mpya kabisa wa tarehe na vitu, zikihifadhiwa kwenye maktaba ya chuo pekee, huku jumba la makumbusho linalotunza masanduku likiendelea kumpa kila mgeni orodha ya zamani yenye tarehe zilizokwisha kukanushwa. Mwanafunzi anayepokea sampuli asaini kwamba atarudisha jedwali lake lote la data, si muhtasari, likiwa na nambari zile zile za eneo na za tabaka alizozitumia mchimbaji, na liwekwe kwenye hifadhi moja na ripoti ya awali. Akikata jino au punje kwa ajili ya kipimo cha kaboni cha kukadiria umri, aandike kwenye mfuko huo huo kilichoondolewa, lini, na nambari ya maabara. Kazi hii hufanyika vizuri zaidi mwanafunzi akiwa bado chuoni na msimamizi wake akiwa bado na sababu ya kumfuatilia, kwa hiyo ningependa iwe miongoni mwa masharti ya kuwasilisha tasnifu, sawa na lilivyo sharti la kuijalidi.